Kikombe Ambacho Shangazi Khim Alikataa Kukimimina

Ukipita uchochoro ulio nyuma ya hekalu la Mazu, mungu wa kike wa mabaharia, pale Pingtung, pua yako itafika dukani kwa Shangazi Khim kabla ya miguu yako. Masufuria yake mawili yanatokota tangu alfajiri. Moja lina chai ya majani iliyotiwa sukari guru, ya watoto na waoga. La pili lina chai chungu kiasi kwamba mtu akishaimeza hunyamaza kwanza, halafu ndipo anakumbuka jina lake. Madereva, mafundi wa ujenzi, wachuma popoo, wote hukimbilia hapo jua likiwaka, waje kuupoza moto wa mwilini, ule unaowatoka kwa vipele usoni na vidonda mdomoni.

Lakini usidhani utapewa chai hivi hivi.

"Fungua mdomo kwanza," atakwambia.

Juzi kijana mmoja fundi wa mabati, mgeni mtaani, alishangaa. "Shangazi, mimi nimekuja kunywa chai, sikuja kung'oa jino."

"Na mimi sina koleo. Fungua."

"Mbele za watu?"

"Kwani umeficha bibi harusi humo? Fungua, ingiza vidole vitatu, uvisimamishe. Hivyo hivyo. Haya, inua ulimi. Shavu la kushoto. La kulia. Unatafuna popoo?"

"Kidogo tu, kazini."

"Meno mekundu kama mlango wa hekalu, halafu kidogo tu! Jumamosi gari la hospitali linasimama uwanjani hapo. Wanaangalia bure. Nenda, kisha urudi uniambie. Haya, kunywa."

Wateja wa siku nyingi wamezoea. Wapo ambao wakifika hupanua midomo hata hawajasalimia, kama makinda kwenye kiota, na Shangazi huwakagua huku mkono mwingine ukikoroga sufuria. Wanajua amri hiyo ilianzia wapi. Ilianza na mdogo wake, A-Piau, na kikombe kimoja cha chai ambacho dada mtu alikataa kukimimina.

Mama yao alifariki A-Piau akiwa bado anatambaa. Khim alikuwa msichana wa shule tu, lakini alimfunga mtoto mgongoni kwa kitambaa na kwenda naye kwenye shamba la mananasi, sokoni, hata darasani siku ambazo mwalimu aliamka vizuri. Alipoolewa, mdogo wake naye akahamia ukweni. Mama mkwe hakununa. Ndiye aliyekuwa na duka la majani, na ndiye aliyemfundisha mkamwana wake kuchuma nanaa, mchunga, na lile gugu linalojulikana na kila mwenye suruali, kishonanguo. Bibi yule alikuwa akicheka na kusema kishonanguo hajawahi kukitafuta, kinakuja chenyewe nyumbani kwenye pindo la nguo. Majani yake Khim aliyachemsha siku A-Piau alipopata homa kali akiwa mdogo, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka jasho likamtoka na macho yakafunguka. Tangu siku hiyo A-Piau alikuwa na dini mbili, Mazu na chai ya dada yake. Akibanwa sana, ungemkuta anaanzia kwenye chai.

Alipokua akaoa, akawa dereva wa lori la mananasi, kutoka kusini kwenda kaskazini na kurudi. Barabara ni ndefu na usingizi ni mwingi, kwa hiyo kama wenzake wote alitafuna popoo mbichi iliyopasuliwa katikati, ikapakwa chokaa na kufungwa kwa jani la tambuu. Kikombe cha karatasi cha kutemea mate mekundu kilikaa karibu na gia. Madereva wakikutana hupokezana popoo kabla ya salamu, na A-Piau alikuwa mkarimu kuliko wote. Mtu mcheshi, mwenye sauti ya kuita abiria hata pasipo abiria.

Basi siku moja, kabla ya Mwaka Mpya, akaegesha lori na kuingia dukani akiwa ameshika shavu.

"Dada, moto umenipanda tena. Nipe kile kichungu."

Khim akamimina. A-Piau akanywa, akasukutua, akatulia. Kesho yake akarudi. Wiki iliyofuata akarudi tena. Nanaa ina ubaridi unaotia ganzi, ndiyo maana kila akinywa alipata nafuu, na kila akipata nafuu walishukuru majani, wote wawili. Kidonda hakikuondoka. Kilikuwa ndani ya shavu, mahali palipokuwa na doa jeupe la siku nyingi ambalo hakuna aliyelijali. Pilipili zikamshinda. Kisha supu ya moto. Kisha Khim akaona jambo jingine: A-Piau, ambaye alikuwa akitumbukiza mpira mzima wa nyama ya kusaga mdomoni ili kuwachekesha watoto, sasa anaukata vipande vinne kwa kijiko. Mdomo haufunguki.

Khim akaongeza majani. Alifanya alichokijua, na alichokijua kilikuwa kimewafaa watu wengi.

Mvua zilipoanza, akaja mteja wa namna yake, mwanamke mwenye miwani na viatu vya mpira, ambaye hakutaka kikombe bali gunia zima la kishonanguo.

"Unafungua duka?" Khim alimuuliza, maana mshindani hujulikana kwa ununuzi.

"Hapana, Shangazi. Nina wagonjwa wasio na midomo, ndio nawanywesha."

Alikuwa Daktari Peng, mtafiti wa chuo kikuu kule mjini. Si daktari wa kutibu watu, kazi yake ni kuangalia ndani ya mimea kuna nini. Alikuwa na visahani ambavyo ndani yake zinaoteshwa chembe za saratani ya mdomo, akizidondoshea maji ya majani yaliyokamuliwa na kuchujwa, aone lipi linazitikisa. Walizoeana haraka. Daktari alipenda kukaa kwenye kigoda na kusikiliza jinsi jani la asubuhi linatofautiana na la jioni, na Khim alipenda mtu anayeuliza halafu akangoja jibu. Siku moja akamwambia, "Na mimi nikaone hao wagonjwa wako."

"Karibu sana, Shangazi. Lakini utavaa kofia."

Akavalishwa kofia na koti jeupe, akainamia darubini. Katika kisahani cha kwanza aliona kitu kama kokoto zilizobanana, zimejaa hadi ukingoni, hazina nafasi ya kupumua. Daktari akabadilisha kisahani. "Hiki kimepata kishonanguo chako."

Humo kokoto zilikuwa zimesinyaa. Nyingi zilikuwa zimebanduka, zinaelea kama makapi ya mpunga juu ya maji.

Khim aliinuka polepole. Majani yake! Yale ya kwenye pindo la nguo!

"Hicho ulichokidondosha kiko kwenye chupa gani?"

"Ile ya kahawia."

"Nipe, mwanangu. Nipe nikampe mdogo wangu."

Daktari Peng akageuka kumtazama. Aliacha kutabasamu, akavua glavu, akavuta kiti. "Mdogo wako ana nini?"

Khim akaeleza yote, shavu, doa, pilipili, mpira wa nyama uliokatwa vipande vinne.

"Kidonda kilianza lini?"

"Kabla ya Mwaka Mpya."

"Na sasa lichi zimejaa sokoni, miezi mingi imepita," alisema Daktari, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kizito chini bila kutaka kivunjike. "Shangazi, chupa sikupi. Nisikilize kwanza, ukasirike baadaye. Ndani ya kisahani hata chumvi inaua. Hata sabuni ya vyombo. Kuua humo si kazi. Kazi ni kuua ndani ya mtu bila kumuua mtu, na huko mimi bado sijafika."

"Utafika lini?"

"Sijui. Huenda nikastaafu bado niko njiani. Kidonda cha moto wa mwilini hakikai muda huo wote. Mpeleke akaangaliwe, kesho usiiache ipite. Na kama ni saratani, wakikate. Mimi nimeyapa majani maisha yangu, unaniona. Lakini shavu hilo lingekuwa langu, ningekwenda kwa kisu."

Khim alirudi na basi akiwa amenuna. Nusu ya njia alimchukia yule binti na miwani yake. Nusu iliyobaki alifikiria sufuria lake, na vikombe vyote alivyomimina tangu Mwaka Mpya, na jinsi ganzi ya nanaa ilivyokuwa ikiwadanganya wote wawili kwa upole. Aliposhuka mbele ya hekalu aliinamisha kichwa kwa Mazu, lakini hakuomba uponyaji. Aliomba ukaidi.

A-Piau akafika kesho yake mchana. Dukani kulikuwa na wateja wamekaa kwenye vigoda.

"Dada, kile kichungu. Kikombe kikubwa."

Khim akafunika sufuria.

"Nenda hospitali."

"Nitakwenda. Mimina."

"Nenda kwanza."

A-Piau akacheka, ingawa kucheka kulimuuma. "Umemwona Mzee Tu? Alikwenda kukatwa, sasa uso umepinda, akinywa maji yanamwagikia shati. Watoto wanamkimbia."

"Anawakimbiza yeye. Mzee Tu yuko hai, ana nguvu za kukimbiza watoto."

"Dada, haya majani umeninywesha sijaota meno. Hayajawahi kuniangusha. Unataka mimi nikawaamini watu wasionijua, niyaache haya?"

"Ndiyo."

"Wewe? Muuza majani?"

"Mimi, muuza majani."

"Basi niuzie kama mteja mwingine."

"Duka ni langu na mwiko ni wangu. Simimini."

Wateja walitazama vikombe vyao. A-Piau alisimama kidogo, uso umemwiva, kisha akatoka bila kuaga, akawasha lori kwa kelele ambazo hazikuwa za lazima. Khim alijua anakokwenda. Kwa Mama Teng.

Mama Teng alikuwa na duka lake la chai ya majani upande wa soko la samaki. Yeye na Khim hawakuwa wamesalimiana tangu zamani, kwa ugomvi wa nani alimwiga nani kuuza chai iliyotiwa kwenye chupa. Khim alivua aproni, akakata njia kwa uchochoro wa hekalu, akafika lori likiwa bado linahangaika kutafuta pa kuegesha.

"Leo umepotea njia?" Mama Teng alisema.

"Nimekuja kukuomba."

"Wewe? Kuniomba mimi? Ngoja nikae." Akakaa kweli.

"Mdogo wangu yuaja hapa. Usimuuzie."

"Mteja wako kakukimbia, kaja kwangu, halafu mimi nimfukuze? Khim, nimeingoja siku hii miaka!"

"Ana kidonda mdomoni hakiponi. Nimemnywesha tangu Mwaka Mpya. Nimeambiwa akaangaliwe, hataki, kwa sababu ana chai. Akikosa kwangu akapata kwako, hatakwenda."

Mama Teng alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mchuma popoo, na wote mjini walijua alivyokufa.

"Marehemu nilimnywesha hii hii," alisema, akigusa sufuria. "Kila siku. Hakuna aliyekuja kunikataza." Akainuka, akachukua mfuniko, akalifunika kwa kishindo. "Wako wapi wengine? Yule wa stesheni atamuuzia, anapenda pesa yule. Twende."

Watu walitoka madukani kuwatazama. Khim na Mama Teng njia moja! Muuza samaki alisahau kisu juu ya samaki. Walikwenda kwa wa stesheni, wakaenda kwa yule wa kando ya shule, na wakiwa njiani Mama Teng akamalizia kwa mpwa wake anayeuza popoo kwenye kona. "Akija A-Piau wa lori, mwambie popoo zimekwisha."

"Lakini zimejaa, Shangazi, anaziona!"

"Basi mwambie zimekwisha kwake."

Jua likaelekea kushuka ndipo lori liliporudi uchochoroni, safari hii bila kelele. A-Piau alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti.

"Dada, mji mzima umeninyima. Yule wa stesheni, ambaye angemuuzia hata shetani, ananiambia nenda hospitali. Binti wa popoo ananiuliza nimeshakwenda hospitali. Muuza samaki sikumwomba kitu, naye kaniuliza!"

"Ukawajibu nini?"

Sufuria lililofunikwa lilikuwa likitikisa mfuniko wake kidogo kidogo.

"Naogopa," alisema A-Piau.

Katika maisha yake yote hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya dada yake. Khim alikwenda ndani, akarudi na kofia mbili za pikipiki.

"Najua. Panda."

Wakaenda hivyo, mwanamke mfupi mwenye mvi mbele, na lile jitu la dereva nyuma limemshika kiuno. Mzee Tu alikuwa amekaa barazani kwake, aliwaona wakipita, akawapungia mkono.

Kidonda kilikuwa saratani kweli. Lakini kilikuwa bado hakijateremka shingoni, na daktari wa upasuaji alisema maneno ambayo Khim aliyashika kama mtu anavyoshika kamba: mmewahi. Walikata upande ule wa shavu, wakaziba kwa kipande cha ngozi na nyama kutoka pajani. Kabla ya hapo Daktari Peng alikuja kitandani na ombi, kwa aibu kidogo. Kitakachokatwa, kama mwenyewe ataridhia, angependa apewe kipande.

"Chukua chote," A-Piau alimwambia. "Mimi sina pa kukiweka."

Mama Teng alileta supu ya samaki na tangawizi, ile wanayonywa waliopasuliwa ili kidonda kifunge. Akagombana na Khim juu ya chumvi mbele ya mgonjwa, ambaye hakuweza kusema neno, na ambaye baadaye aliapa kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu kubwa kuliko kisu. Ikafuata mionzi, ikafuata miezi ya uji wa wali na kujifunza upya kupanua mdomo kwa vijiti vya mbao, kimoja baada ya kingine. Siku nyingine alilia. Khim alikaa naye na kuhesabu vijiti kwa sauti, kama alivyokuwa akimhesabia hatua utotoni.

Uso ulipinda kidogo. Watoto hawakumkimbia, kwa sababu A-Piau alikuwa amepata silaha mpya ya kuwachekesha. Ngozi ya paja haikujua kwamba imehamishwa, ikaendelea kuota vinywele.

"Mimi ndiye mwanamume pekee katika mtaa huu ninayenyolewa kwa ndani," huwaambia. "Mke wangu akinikasirikia namwambia, angalia, nimekutunzia ndevu mahali ambapo hazitakuchoma."

Popoo aliacha. Lori analiendesha bado, siku hizi kwa karanga, na kwenye kile kikombe cha karatasi anatupa maganda.

Mwaka jana, msimu wa lichi, Daktari Peng aliwaita wote wawili. Vipande vya wagonjwa wengi havikubali kuota kwenye visahani, alisema, vinakufa baada ya siku chache. Cha A-Piau kilikubali. Kilikuwa kinaota tangu wakati ule, kinagawanywa na kuota tena.

"Nilijua," Khim alisema. "Hata ugonjwa wake ni mbishi."

A-Piau alivaa kofia na koti jeupe lisilomtosha, akainamia darubini. Alikaa hapo muda mrefu kuliko walivyotarajia.

"Kumbe ndiwe," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiwe uliyetaka kunila. Sasa kaa hapo ufanye kazi."

Daktari alimpa Khim kijibomba chembamba cha kioo, akamshika mkono, akamwonyesha pa kudondosha. Yalikuwa maji ya kishonanguo chake mwenyewe, cha kando ya mto, kimekamuliwa na kuchujwa mpaka kikawa cheupe. Khim alidondosha, tone baada ya tone. Mkono ulizoea upesi, ni mkono uliomimina maisha yake yote.

"Ni dawa sasa?" A-Piau aliuliza.

"Bado," Daktari alisema. "Kuna kitu kimoja ndani yake kinachonipa matumaini. Tumeshakitenga. Ni hapo tu tulipo."

"Taratibu, mwanangu," Khim alimwambia. "Usikimbie. Ungekuwa na haraka siku ile, ungenipa ile chupa ya kahawia, na mimi ningekushukuru sana, na leo nisingekuwa na mtu wa kuja naye hapa." Akamshika mikono yote miwili, glavu kwa glavu. "Nimepewa vitu vingi na watu. Hicho ulichoninyima ndicho ninachokitaja hekaluni."

Daktari akavua miwani kuifuta, ingawa haikuwa na ukungu.

Walirudi Pingtung jua likiwa kali. Mama Teng ndiye aliyekuwa amewashikia duka, na tayari alikuwa ameongeza nanaa kuliko kawaida, jambo litakalozungumzwa kwa wiki nzima. A-Piau akavuta kigoda.

"Dada, kile kichungu. Kikombe kikubwa."

Khim akasimama mbele yake, mwiko mkononi.

"Fungua mdomo kwanza."

Akafungua. Vidole viwili viliingia vizuri, na cha tatu, kwa kusukumwa kidogo, nacho kikaanza kuona njia. Dada mtu akaangalia shavu la kushoto, akaangalia la kulia lenye vinywele vyake, akainua ulimi kwa ncha ya kijiko. Pote palikuwa safi, na pekundu kwa uwekundu wa mtu mzima wa afya.

Ndipo akafunua sufuria, akammiminia kikombe kikajaa mpaka juu.